Mpini wa Nyuma

Haba na haba humaliza kibaba. Waliosema hujaza walikuwa watu wa kutia; sisi nyumbani kwetu tulikuwa watu wa kuchotewa. Ugonjwa wa misuli ulimwingia kaka yangu akiwa kijana wa kucheza mpira. Ulianza na vidole vya miguu, ukapanda magotini, ukakaa kiunoni kama mpangaji asiyetaka kuhama, kisha ukashika njia ya mabegani. Haukuwahi kuchukua kingi kwa mkupuo. Ulichota kijiko, ukaondoka, ukarudi na kijiko kingine. Mwishowe alibaki na shingo, mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka vidole, na ulimi. Ulimi, nadhani hata ugonjwa wenyewe ulikuwa unauogopa.

Tangu nipate stashahada ya umeme hakuwahi kuniita tena jina langu. Aliniita Injinia Nusu.

"Injinia mzima ana shahada," alisema. "Wewe nusu inakutosha. Hata urefu wako ni nusu."

Nami nilimwita Bosi, kwa sababu tangu aache kutembea hakuna mtu aliyeweza kukaa kitako nyumbani bila kutumwa kitu.

Nafanya kazi katika karakana ya viti vya magurudumu vya umeme. Ukiingia unapokewa na harufu ya kulehemu na ya mpira mpya. Fremu zimetundikwa ukutani kama mbavu, betri zimejipanga chini ya dirisha, na redio inaimba peke yake bila wa kuisikiliza. Mota na fremu ni kazi ya wenzangu. Kazi yangu ni pale mtu anapokiambia kiti "twende."

Hakuna watu wawili wanaolisema neno hilo kwa namna moja. Mwalimu mstaafu aliyepigwa kiharusi hulisema kwa kiganja kizima cha kushoto, maana vidole havimtii, na yeye aliyezoea kutiiwa na darasa zima hilo linamuuma kuliko kiharusi chenyewe. Mama mmoja muuza mitumba hulisema kwa wayo wa mguu. Msichana mmoja wa shule, ambaye chini ya shingo hana kinachomsikiliza, hulisema kwa shavu: analaza kichwa kidogo, shavu linagusa kitufe, kiti kinakata kona. Wengi waliobaki hutumia kijiti kilichosimama kwenye egemeo la mkono. Unakisukuma mbele, kiti kinakwenda mbele. Unakilaza pembeni, kinageuka.

Kila kijiti kina springi ndani, na springi lazima ilingane na nguvu za mwenyewe. Ikiwa ngumu mno, mtu hawezi kuisukuma. Ikiwa laini mno, akikohoa tu yuko ukutani. Kwa hiyo tunawapima. Tunamfunga mteja mizani ndogo ya springi kwenye kidole, anavuta, sindano inapanda, na sisi tunakaza kijiti kwa kadiri hiyo. Na tunawapima asubuhi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Mkuu wa karakana tangu siku alipoifungua.

"Mpime mtu akiwa na nguvu zake," alituambia. "Ukimpima akiwa amechoka utamtengenezea kiti cha mgonjwa."

Maneno mazuri, yana heshima ndani yake. Wateja nao waliyapenda. Walikuja wameoga, wamepumzika, wamevaa nguo za kutokea, wanavuta mizani huku wametoa meno kama watu wanaopigwa picha. Hakuna aliyetaka kupimwa dhaifu.

Kiti cha kaka tulikitengeneza karakana nzima. Alipopimwa, alivuta mpaka Mkuu akapiga makofi. Tukakileta nyumbani, akakalishwa, akazunguka uani mara huku, mara kule, akamfukuza jogoo wa jirani mpaka jogoo akarukia ukutani. Mama alisimama mlangoni amejishika mdomo. Mtoto wake alikuwa hajaenda mahali kwa hiari yake kwa muda mrefu, na mahali pa kwanza alipochagua kwenda ni kumtesa jogoo wa watu.

Jioni narudi kutoka kazini, namkuta nje ya geti la jirani, mkono uko juu ya kijiti, kiti kimetulia tuli.

"Umekwama?"

"Hapana. Napunga upepo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu upepo uanze." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Injinia Nusu, kiti chenu ni cha asubuhi. Ikifika alasiri hakinijui."

Usiku ule nilimfunga mizani kwenye kidole kile kile. Sindano ilitikisika ikakataa kupanda. Mkono ule ule, mtu yule yule, siku ile ile. Kesho yake nikaingia karakana na mdomo wangu.

"Mkuu, tunawapima watu kwenye saa yao njema, halafu tunawaachia waishi siku nzima."

"Sasa tuwapime saa ngapi? Wakiwa wamelala?"

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaita wateja wetu mmoja mmoja warudi alasiri, wakiwa na jasho lao na uchovu wao. Mwalimu mstaafu alinuna kama mwanafunzi aliyefeli. Muuza mitumba alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, mguu unatetemeka, akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza mnanipima mimi. Wa siku ile alikuwa dada yangu mzuri." Mkuu alisimama pembeni akiangalia sindano zinavyokataa kupanda. Hakusema nimeshinda, lakini aliniachia meza.

Nikabuni kijiti chenye hali mbili. Swichi ndogo chini ya kidole gumba: ukiisukuma huku, kijiti ni kigumu, cha asubuhi, ukiisukuma kule, kijiti ni laini, na hata mguso mdogo unakipa kiti mwendo wote. Cha jioni. Mwenyewe ndiye anayeamua saa yake ni ipi. Si daktari, si mimi, si saa ya ukutani. Kiti cha kwanza kupata kijiti hicho kilikuwa cha kaka.

Hapo sasa ndipo tukafika kwenye mpini.

Kila kiti kinachotoka karakana kina mpini mwekundu nyuma, kwa ajili ya anayesaidia. Ukiukandamiza, kijiti cha aliyekaa kinakufa na kiti kinakuwa cha kusukumwa. Uliwekwa kwa nia njema. Lakini mpini mwekundu ni kama kengele ya mlangoni, kila apitaye anatamani kuubonyeza. Watu wasiomjua kaka waliukandamiza wakamsogeza dukani ili wapite. Mmoja aliukandamiza katikati ya mazungumzo akamgeuza uso aangalie kivulini, kwa huruma. Na siku moja bwana mmoja mwenye haraka ya kutenda mema alimvusha barabara.

"Nilivushwa," kaka alituhadithia mezani, "barabara ambayo sikuwa na safari nayo. Namwambia bwana, bwana, mimi naishi upande ule. Ananijibu, usijali kaka, tumeshafika."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi pia. Kaka alitungoja tumalize.

"Sasa utoe," akaniambia.

"Nini?"

"Huo mpini."

Mama aliacha kucheka. "Hautolewi. Mimi nitakushikaje?"

"Usinishike, Mama."

"Nikuache uende tu kama gari?"

"Uniache niende kama mtu."

Walibishana siku nyingi, na mimi nilikuwa katikati kama chumvi ya ugomvi wao. Mama alinifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Wewe ndiwe mwenye bisibisi. Usimsikilize." Kaka naye, kila nikimpitishia kijiko mdomoni: "Kiti ni cha nani, Injinia?" Nilimuuliza Mkuu. Alisema kiti kisicho na mpini hakitoki kwa jina la karakana. Nikamjibu basi kitoke kwa jina langu.

Nikautoa mchana, mbele ya Mama, si kwa kificho. Nikafungua skrubu, nikaziba matundu kwa vizibo vya mpira, nikampa Mama ule mpini mkononi. Aliuangalia kama mtu aliyepewa jino.

Baada ya hapo tulipata miezi ya raha, na lazima niiseme, maana wakati wa lawama watu husahau kwamba raha ilikuwapo. Kaka alikuwa fundi cherehani kabla mabega hayajamtoroka, na mafundi wenzake wa zamani bado walikuwa wakishona barazani, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alikwenda kwao kila alasiri. Swichi kwenye jioni, polepole, anazunguka mashimo anayoyajua kwa majina. Anafika, anacheza drafti kwa kuamuru wengine wasogeze kete zake, anawakosoa pindo.

"Suruali hiyo mguu mmoja unakwenda kazini, mwingine umestaafu," anawaambia, na wao wanamtukana kwa furaha.

Alirudi mwenyewe, jioni, peke yake, akiwa na vumbi. Mama alikuwa akimngoja getini akijifanya anafagia. Lile geti letu halijawahi kuwa safi vile.

Siku ya kuanguka ilikuwa asubuhi nzuri. Ndilo linaloniuma: haikuwa siku mbaya. Kaka aliamka mkono wake una nguvu ambazo hatukuziona kwa muda, alishika kikombe mwenyewe, akamwambia Mama, "Leo hata pazia naweza kushona." Mimi nilikuwa kazini. Kutoka mlangoni kwetu kuna mteremko wa saruji mpaka getini, na ubavuni mwake kuna mtaro wa maji ya mvua. Kiti kilikuwa kimeachwa kwenye hali ya jioni tangu jana yake. Mkono wenye nguvu za asubuhi uliingia kwenye kijiti laini cha jioni. Kiti kiliruka.

Mama alikuwa nyuma yake. Alikiona kikikata kushoto, gurudumu likiacha saruji. Alinyoosha mkono kuukamata mpini, kama alivyozoea, akashika hewa.

Kiti kilimwangukia kaka mtaroni na mkono wake wa kulia ukawa chini ya egemeo. Ulivunjika mahali pawili. Daktari alisema mfupa utaunga, mifupa haina kinyongo. Lakini misuli ile ikilala ndani ya plasta hatutegemei kwamba itaamka. Kijiko cha mwisho cha mkono ule, kwa hiyo, hakikuchotwa na ugonjwa.

Mama alikiosha kiti matope, akakiingiza stoo, akafunga kufuli. Ufunguo akautia kwenye uzi akauvaa shingoni.

Mimi nilikuwa tayari na mchoro. Kama kwa yule msichana wa shule: vitufe viwili kando ya kichwa, kimoja kwa kila shavu, na mwanzo wa mwendo uwe wa taratibu hata mtu akisukuma kwa nguvu zote, jambo ambalo nilipaswa kuliwaza tangu mwanzo na litanisumbua mpaka nizikwe. Shingo ya kaka ilikuwa bado yake. Lakini shingo nayo ilikuwa kwenye foleni, tulijua. Kila wiki ambayo kiti kilikaa stoo ilikuwa wiki ya shingo inayopotea bure. Niliomba ufunguo. Mama aliuingiza ndani ya blauzi. Niliomba tena. Alimwita Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, na akija nyumbani hata paka hukaa vizuri. Alisema atakuja Jumapili tuzungumze kama familia.

Jumamosi niliingia chumbani kwa kaka. Alikuwa amelala chali, plasta imeegeshwa juu ya mto kama mgeni wa heshima.

"Ulisahau swichi?" nilimuuliza. Sikuwa nimewahi kumuuliza.

"Sikusahau."

"Bosi, usinifiche."

"Nilijua iko kwenye jioni. Mkono ulikuwa mwema siku ile, nikataka niuone ukiruka. Nilitaka mwendo, basi. Wewe hujawahi kukimbia bila sababu?" Aliangalia dari. "Nimemwambia Mama, na Shangazi kwenye simu. Wanasema nakutetea."

"Kesho watataka niombe radhi. Na nirudishe mpini. Nikikubali, kiti kinatoka stoo."

"Najua."

"Niseme tu. Neno halivunji mfupa. Tupate ufunguo, tufunge vitufe vya shavu, mambo ya mpini tutayajua mbele ya safari."

"Ukiomba radhi," akasema, "utakuwa umesema uliniangusha."

"Si ndivyo wanavyosema?"

"Mzigo ndio huangushwa, Injinia. Mimi nilianguka. Wewe ulianguka kwenye ule mwembe wa shule, meno yakatoka, nani aliomba radhi? Hata mwembe haukuomba." Akanigeuzia uso. "Nakitaka kile kiti kuliko wewe unavyodhani. Nikiwaza barazani kwa mafundi nahisi njaa. Lakini usininunulie kwa bei hiyo."

"Hata kama hutakikalia tena?"

Aliigeuzia macho plasta. Kisha akayafumba, lakini sidhani kama alisinzia.

Jumapili tukakaa sebuleni. Shangazi kwenye kiti cha baba, Mama kwenye kochi, mimi kwenye stuli. Mlango wa chumba cha kaka ulikuwa wazi, ila hakuna aliyependekeza kitanda chake kisogezwe.

"Hatujaja kukuhukumu," Shangazi alianza. "Umesoma, una mikono ya dhahabu, tunajivunia. Lakini mtoto hamshindi mama. Mama yako alisema mpini usitolewe. Ulitolewa. Mkono wa ndugu yako ukawa ndio huo. Neno moja tu mwanangu: nisamehe, Mama. Meno yatang'oka?"

"Kaka ndiye aliyetaka utolewe, Shangazi."

"Yule ni mgonjwa. Mgonjwa hutaka mengi."

"Nasikia!" sauti ikatoka chumbani. "Nimevunjika mkono, sikuvunjika masikio!"

"Pumzika, baba," Shangazi akamjibu bila kugeuza kichwa, kisha akaendelea kana kwamba redio ilikuwa imelia. "Mtu akiwa hali ile, sisi ndio miguu yake, sisi ndio akili yake."

"Akili yake iko humo ndani inakupigia kelele, Shangazi."

"Angalia mdomo wako."

Mama alikuwa akiushika ule ufunguo, anauzungusha, anauacha. Kisha akasema polepole, si kwa Shangazi, kwangu.

"Mimi sitaki maneno mengi. Nilinyoosha mkono, mpini haupo. Kila nikifumba macho naunyoosha tena. Wewe hukuwepo. Hukusikia mfupa. Nataka tu mtu mmoja katika nyumba hii aniambie kwamba haikuwa lazima iwe hivyo."

Angekuwa amenifokea ningejua la kufanya. Nina majibu ya kila aina kwa anayenifokea. Lakini alikuwa mama yangu, ameketi pale mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono yake yote miwili mizima na hana la kuifanyia.

Nikaondoka kwenye stuli, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika. Shangazi akapumua. Alidhani tumefika.

"Haikuwa lazima, Mama," nikasema. "Mpini ungekuwepo, ungeukamata, kaka asingeanguka. Ni kweli. Silikatai."

"Sasa si useme," Shangazi akadokeza.

"Pole, Mama. Pole kwa ulichokiona, pole kwa ulichokisikia. Natamani ningekuwa mimi niliyesimama pale. Natamani kiti kingekuwa na akili kidogo zaidi, na hilo ni langu, nitalilipa kwa kazi. Lakini kaka hakuwa wako wa kushika wala wangu wa kuachia. Alisema utoe, nikatoa. Akiniambia leo, nitatoa tena."

Mikono ya Mama ilitoka mikononi mwangu taratibu.

"Ufikirie vizuri," Shangazi akasema, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa na hofu. "Bila neno hilo, kufuli halifunguliwi. Ndugu yako atakaa kitandani. Shingo yake unaijua. Unamfanyia hivi yeye, si sisi."

"Najua ninachomfanyia."

"Na bado?"

Nilikuwa nalia, na sikutaka machozi yale yawachanganye, kwa hiyo niliyafuta kwanza, nikasimama wima, nikawatazama wote wawili.

"Bado. Siombi radhi."